Nusu ya Kidonge

Palma, 12 Aprili 2025

Bibi yangu Biubwa,

Assalaam alaykum. Shikamoo, na shikamoo nyingine umfikishie mdogo wako, Bibi Zuleha. Sisi huku ni wazima. Mjomba Husseni bado anatengeneza pikipiki za watu, na mgongo unamuuma kwa kuinama, ila ukimwambia apumzike anasema pikipiki hazijui kupumzika. Mama yuko Pemba ya huku kwetu Msumbiji, anapika kwenye nyumba ya wageni. Amenitumia viatu vya shule. Vinanibana kidogo lakini sijamwambia. Idi tulisali kiwanjani, mvua ikaja kabla hotuba haijaisha. Shehe akasema yeye hakimbii mvua, kisha akakimbia.

Barua hii nampa Sufo, anavuka mto Rovuma Jumatatu kwenda kuchukua mchele na sabuni huko Mtwara. Najua simu umeikataa, kwa sababu unasema maneno ya simu hayana mahali pa kuyaweka.

Jambo lenyewe ni la afya yako. Profesora Luísa, anayetufundisha biolojia, kila Ijumaa hutusomea utafiti mmoja mpya wa madaktari. Anausoma kwa Kireno, halafu kila mmoja anaueleza kwa maneno yake. Ijumaa hii ulikuwa wa presha. Alisema presha ni miongoni mwa mambo yanayoua watu wengi zaidi duniani, na wengi wao hawajui kama wanayo. Hapo nilikaa wima kwenye benchi.

Utafiti wenyewe ulifanywa Nijeria, kwa Waafrika kama sisi. Waliona kwamba dozi ndogo ndogo za dawa zilishusha presha vizuri kuliko matibabu ya kawaida, yanayoanza na dawa moja na kuongezwa polepole. Dozi ndogo, Bibi. Nikakumbuka unavyolalamika kwamba kidonge chako kinakukimbiza chooni hata swala huimalizi kwa utulivu. Nikawaza, labda siku moja utapata dawa isiyokusumbua, na utaishi sana, na siku nitakapomaliza darasa la kumi na mbili utakuwa umekaa mstari wa mbele na kanga mpya. Dawa hizo huwa ni tatu ndani ya kidonge kimoja. Profesora alisema hajui kama kidonge hicho kimefika kwetu.

Mambo mengine ya afya yananichanganya. Sadique wa darasa letu amesikia redioni kwamba wanywaji wa kahawa wanaishi zaidi. Inês anasema mama yake ameambiwa aache kahawa kwa sababu ya moyo. Nilimuuliza profesora nani mkweli, akasema huenda wote wawili. Tena kuna sehemu duniani zilizosifiwa kuwa na wazee wa miaka mia, na sasa watafiti wengine wanasema huenda vyeti vya kuzaliwa vilikuwa na makosa. Sielewi mtu ashike lipi.

Uliuliza nyumba yako ya Olumbi, uliyoiacha mlipokimbia, ikoje. Sijafika bado. Mvua ni nyingi.

Mjukuu wako,
Yusra


Msimbati, 4 Mei 2025

Mke mwenzangu Yusra,

Waalaykum salaam. Marahaba. Babu yako angekuwa hai angekuona wewe ndiye mke mwenye akili, mimi angeniacha nimenye vitunguu. Zuleha naye anasema marahaba, na anauliza kwa nini humwandikii yeye. Nimemwambia hajui kusoma, akiandikiwa nitasoma mimi, basi ni yale yale. Amenuna. Wakati wa vita vya Wareno tulipokimbilia huku tukiwa wasichana, mimi nilikwenda kwenye darasa la kusoma, yeye alikwenda kucheza. Sasa ananinunia mimi.

Viatu vikikubana mwambie mama yako. Mguu ukiharibika hakuna utafiti utakaourudisha.

Habari ya kahawa isikusumbue. Huku wanaokunywa kahawa ni wanaume wanaoshinda barazani hawafanyi kazi. Hao hawafi kwa sababu hawachoki, kahawa inapewa sifa ya bure. Na hiyo habari ya vyeti ni kweli tupu. Mimi nina miaka ya aina mbili. Kitambulisho cha Msumbiji kinasema nimezaliwa mwaka huu, karatasi ya huku inasema mwaka ule, na zimepishana mpaka ninaweza kuwa dada yangu mwenyewe. Akija mtafiti nitamuuliza anataka kumpima Biubwa yupi.

Habari ya dozi ndogo nimeifurahia kuliko zote. Mungu akulipe, umenitatulia jambo lililokuwa likinisumbua tangu mwaka jana. Siku niliyopata barua nilichukua wembe nikakata kidonge katikati. Nusu nakunywa mimi. Nusu nyingine ina kazi yake, usiulize. Chooni siendi sana, na nasali kama mtu. Nilikuwa na wasiwasi kwamba ninafanya kosa, lakini ikiwa madaktari wa Nijeria wamesema, mimi ni nani?

Nyumba yangu ya Olumbi, mvua zikipungua nenda ukaitazame. Minazi pia. Usinijibu habari za mvua, mvua naijua.

Bibi yako,
Biubwa binti Buanali


Palma, 19 Mei 2025

Bibi yangu Biubwa,

Assalaam alaykum, shikamoo. Sisi wazima. Mama amesema viatu atabadilisha. Mjomba Husseni anakusalimu, na mgongo wake uko vilevile.

Bibi, barua yako nimeirudia na kuirudia, hasa pale penye wembe. Sikusema ukate kidonge. Nimejaribu kukumbuka nilivyoandika, na nadhani neno kubwa nililiweka nyuma na neno dogo nikaliweka mbele. Naomba unisomee polepole.

Ile dawa ya Nijeria ni dawa tatu za aina tofauti. Kila moja inashusha presha kwa njia yake, na zote zimo kidogo kidogo ndani ya kidonge kimoja. Ni kama mchuzi. Ukitia kitunguu kidogo, nazi kidogo na ndimu kidogo, unapata mchuzi kamili. Lakini ukichukua kitunguu peke yake ukakigawa nusu, hujapata mchuzi, umepata nusu ya kitunguu. Wewe una dawa ya aina moja. Ukiikata, nguvu yake imepungua na hakuna nyingine ya kuisaidia.

Sikutaka kujiamini mwenyewe tena, kwa hiyo nilimwomba Profesora Luísa twende pamoja kwa tekniko Narciso, yule anayepima watu hospitalini hapa. Nilimweleza bila kukutaja. Alicheka kidogo aliposikia Nijeria, kisha hakucheka tena. Alisema mgonjwa asipunguze dawa yake bila kupimwa, hata akijisikia vizuri. Kisha akaniuliza, "Na hiyo nusu nyingine anakula nani?" Akaniambia dawa ya presha haigawiwi kama ubwabwa.

Bibi, nani anakula? Umesema nisiulize, lakini nimeulizwa, na mimi nauliza. Na tafadhali rudia kidonge kizima.

Mjomba alipita Olumbi wiki iliyopita. Anasema barabara sasa ni nzuri, na magari yanapita mpaka Mocímboa.

Mjukuu wako anayekupenda,
Yusra


Msimbati, 1 Juni 2025

Mke mwenzangu Yusra,

Salaam nyingi. Barua yako sijaipata. Wanasema Sufo ana homa na yuko upande wenu hajavuka. Hii nampa Luzia, muuza nguo, anakuja Palma kwa ndugu zake. Ni Mkristo wa Mueda, mwenye maneno mengi lakini mkono mwaminifu. Mpe chai.

Mimi ni mzima kabisa. Tangu nipunguze dawa ninajisikia mwepesi. Naamka vizuri, nakwenda kuchokoa kaa na wanawake wenzangu, narudi naimba. Jicho moja tu lina ukungu asubuhi, nadhani ni moshi wa kuni mbichi. Profesora wako mwambie namshukuru, na kama ana utafiti wa moshi auseme pia.

Ninayemwogopea ni Zuleha. Mwaka jana aliona kizunguzungu mazikoni, wanawake wakasema ni presha. Nikamwambia twende zahanati, akasema, "Nikipimwa nitaambiwa ninayo. Nisipopimwa sina." Ndiyo akili yake hiyo. Sasa mwezi huu hali imezidi. Akiinuka anashika ukuta. Juzi alianguka kisimani, ndoo upande, yeye upande, na mkono umechubuka mpaka kwenye kiwiko. Ananiambia ni umri. Nilidhani nusu itamtosha, lakini labda haimfikii yote, maana uji huwa anaubakiza. Sasa namtilia kwenye chai. Chai habakizi.

Haya, nimeshasema nisichotaka kusema. Karatasi hii ndiyo ya mwisho, siwezi kuichana. Usimwambie Husseni. Usimwambie mtu.

Hujasema neno la nyumba yangu.

Bibi yako,
Biubwa


Palma, 23 Juni 2025

Bibi yangu,

Assalaam alaykum. Shikamoo. Dada Luzia alifika, nilimpa chai na mkate wa kumimina, akatuchekesha sana. Shuleni tunafanya mazoezi ya gwaride la miaka hamsini ya uhuru. Mimi ninabeba upande mmoja wa bendera, na upepo unanishinda. Mjomba na Mama wazima.

Sijui kama barua yangu ya Mei umeipata. Kama hujaipata, hii itakuwa kama mtu anayeingia katikati ya mazungumzo. Naomba uisome hii kwanza.

Bibi, acha kumtilia Bibi Zuleha dawa kwenye chai. Acha leo.

Nilikaa na barua yako chumbani nikijaribu kuielewa, na nikaona sielewi mambo mengi. Wewe umepunguza dawa na unajisikia vizuri, basi kwa nini niseme ni vibaya? Bibi Zuleha anapata dawa na anazidi kuanguka, basi dawa inamsaidia au inamwangusha? Nilirudi kwa tekniko Narciso. Nilimwambia ni swali la shule. Nadhani hakuamini, ila alinijibu.

Amesema presha haisemi. Mtu anaweza kuwa nayo juu sana na akaimba. Kujisikia mwepesi si ushahidi, ushahidi ni mashine ya mkononi peke yake. Na ukungu wa jicho usiufanye moshi mpaka mtu wa afya aseme ni moshi. Halafu akasema mtu asiye na presha akipewa dawa ya kuishusha, inaweza kushuka mno, na akiinuka ataona kizunguzungu na kuanguka. Nikamuuliza, na mwenye presha je, haoni kizunguzungu? Akasema anaweza kuona pia, hata njaa huleta kizunguzungu. Yaani kizunguzungu cha Bibi Zuleha hakituambii kitu mpaka apimwe. Nimebaki hapo hapo nilipokuwa, isipokuwa sasa ninaogopa zaidi.

Ninachokijua ni kimoja. Hamjapimwa, na mnakunywa nusu nusu kwa sababu ya barua yangu. Naomba umwambie Bibi Zuleha kweli, mwende wote wawili.

Nakuomba sana.

Yusra


Msimbati, 15 Julai 2025

Yusra,

Salaam. Barua zako mbili zimefika siku moja, na Sufo mwenyewe kakonda kama uzi. Nimezisoma zote. Nimezielewa. Usinifundishe tena habari za mchuzi, mchuzi nimeupika kabla mama yako hajazaliwa.

Unasema nimwambie Zuleha kweli. Wewe hukumjua vizuri babu yako Twalha, kaka yetu. Alikuwa na presha, akaanzishwa dawa, akawa anakunywa kila siku kwa kufuata maneno ya daktari. Tulipokimbia Palma mwaka ule waasi walipoingia mjini, dawa zilibaki nyumbani juu ya kabati. Tukatembea porini. Alikufa kabla hatujafika mtoni, na Zuleha ndiye aliyekuwa amemshika kichwa. Toka siku hiyo anasema dawa ya presha ni kama mkopo wa shetani. Ukianza huachi, na siku ukiikosa inakuua. Anasema Twalha asingeanza asingekufa. Mimi najua si hivyo. Lakini mwambie wewe, uliyesoma.

Kwa hiyo nikaona nimpe bila kujua. Asiyejua ameanza hawezi kuogopa kuacha. Na wewe ukaniletea habari ya dozi ndogo, nikasema hii imetumwa na Mungu, kidonge kimoja kitatuweka hai wote wawili. Sina ndugu mwingine aliyebaki, Yusra. Akifa huyu, hakuna atakayekumbuka jina nililoitwa utotoni.

Nikimwambia, hatakula tena chakula changu. Unajua maana yake? Tumekula sinia moja tangu tumeota meno.

Na sasa mimi nakuuliza wewe, mpenda kweli. Nyumba yangu nimeiuliza mpaka nimechoka. Umenipa mvua, umenipa barabara, umenipa na bendera. Kama unataka niseme ninachoficha, sema kwanza unachoficha.

Biubwa


Palma, 2 Agosti 2025

Bibi yangu Biubwa,

Assalaam alaykum. Shikamoo yako na ya Bibi Zuleha. Sina habari nyingine za kutanguliza, kwa hiyo nianze.

Mjomba Husseni alikwenda Olumbi mwezi wa tatu, na Mei akaenda tena. Aliniambia nisikuandikie, kwamba habari mbaya inapandisha presha, na ikikupata jambo nitajuta. Mimi nikaona ni sawa, kwa sababu nilitaka uishi. Nilimuuliza Profesora Luísa kama ni kweli habari mbaya inapandisha presha. Akasema hofu inaweza kuipandisha kwa muda, lakini hajui utafiti wowote unaosema wajukuu wawadanganye bibi zao. Sikujua kama ananitania.

Nyumba haina bati. Milango haipo, na jiko la nje limeungua. Kuta zimesimama. Minazi imesimama, ila ule wa karibu na choo na mwenzake haipo tena. Kitanda chako hakipo.

Na kuna watu. Mama mmoja wa kijiji cha Mute, anaitwa Sumaia kama Mama, anakaa vyumba viwili vya mbele na watoto wake. Ameezeka makuti mwenyewe. Mjomba alikwenda kwa hasira, na yule mama akampakulia ugali na mbaazi kabla hajajua yeye ni nani. Alipojua, alisimama akaanza kukunja mikeka. Akamuuliza mwenye nyumba anakuja lini, ili ajue atafute wapi. Mjomba akamwambia akae kwanza. Kwa hiyo hata Mjomba naye hakusema kweli yote nyumbani, alituambia sisi tu kwamba bati limeibiwa, na habari ya yule mama aliitoa baadaye, huku ameinamia pikipiki.

Sijui kama barua hii inakuumiza. Nimeshika kalamu muda mrefu nikijiuliza kama kukueleza ni kukupenda au ni kukuharibia. Nimeamua kukuandikia tu, kwa sababu wewe mwenyewe umeuliza.

Kuhusu Babu Twalha, simwezi Bibi Zuleha kwa maneno, lakini nadhani hivi. Dawa haikumuua. Kilichomuua ni kule kuikosa, na kilichomkosesha ni vita. Kama anaikasirikia dawa, labda ni kwa sababu vita huwezi kuvikalisha mbele yako ukavikasirikia.

Nimesema. Sasa ni zamu yako.

Mjukuu wako,
Yusra


Palma, 14 Septemba 2025

Bibi yangu,

Assalaam alaykum. Hatujapata neno lako. Sufo amerudi jana, anasema alibisha hodi Msimbati akakuta mlango umefungwa kwa kufuli, na jirani akamwambia wamekwenda Mtwara mjini. Nikamuuliza wamekwenda wote au mmoja, akasema hakuuliza. Nikamuuliza wamekwenda kwa miguu yao au wamebebwa, akasema, "Mtoto, mimi nauza sabuni."

Mjomba sasa anaizima redio ninapoingia. Nadhani anaogopa tusikie kitu, ingawa redio haiwezi kututangazia habari zako.

Profesora ameendelea na utafiti wa Ijumaa. Wiki iliyopita ulikuwa wa chumvi, kwamba kuna chumvi nyingine iliyochanganywa tofauti ambayo imepunguza kiharusi huko Uchina, lakini haifai kwa wenye figo mbaya. Zamani ningekuandikia mbio mbio. Sasa nimeinua mkono nikamuuliza ni watu gani waliopimwa, walikuwa wangapi, na nani asiifuate. Wenzangu wakasema ninachelewesha mapumziko.

Ukiweza kushika kalamu, niandikie hata jina lako tu.

Yusra


Msimbati, 28 Septemba 2025

Mke mwenzangu Yusra,

Waalaykum salaam, na marahaba zote ulizokosa. Nimeshika kalamu, unaiona. Jina langu ni Biubwa. Sasa soma na mengine.

Barua yako ya nyumba ilifika tukiwa tunapukuchua kunde. Nikaisoma kimya, Zuleha akaniuliza kuna nini. Nikamwambia bati la nyumba halipo. Akalia kidogo. Nikaona amelainika, nikasema nimalize yote kwa mara moja, nikamwambia na habari ya chai. Hakupiga kelele. Alimwaga kunde zake kwenye ungo wangu, akachukua mkeka wake, akaenda kulala kwa jirani.

Asubuhi akaondoka kwenda zahanati peke yake, ili apate ushahidi wa kunishitaki. Nami nikamfuata nyuma kwa mbali kama askari. Muuguzi akampima, akasema presha yake ni ya msichana. Hana presha, Yusra. Hakuwahi kuwa nayo. Muuguzi akamwambia akae bila dawa halafu arudi, na aliporudi presha ilikuwa ile ile ya msichana, na hakuwa na kizunguzungu tena. Muuguzi anasema huenda cha mazikoni kilikuwa njaa na jua, na cha kisimani huenda kilikuwa mimi. Neno hilo "huenda" alilitia mara mbili, lakini mimi sikuhitaji hata moja.

Siku ile ile ya kwanza alinigeukia mimi niliyesimama mlangoni, akaniambia na wewe bibi kaa. Akapima. Akapima mkono wa pili. Akamwita mwenzake, naye akapima. Namba sikuandikii, utampelekea Narciso naye atakutisha. Hawakuniruhusu kurudi nyumbani, nilipelekwa Mtwara, nikalazwa. Ukungu wa jicho haukuwa wa moshi. Umepungua, haujaisha. Mwanasabuni alipobisha hodi ndipo tulikuwa huko, na tulikuwa wote wawili, maana Zuleha alipanda gari bila kuulizwa, akakaa kiti cha mbele, akanipa mgongo safari nzima.

Sasa nakunywa kidonge changu kizima. Nikamuuliza daktari habari ya kile chenye dawa tatu. Amekisikia, hana. Lakini ameniongezea kidonge cha aina ya pili, kidogo, kisaidiane na cha kwanza. Kwa hiyo ulichosoma hakikuwa uongo, na tulichofanya hakikuwa sahihi. Ukiweza kunieleza inawezekanaje, nieleze, mimi nimeshindwa.

Yule mama wa Mute mwambie akunjue mikeka. Nikija tutagawana vyumba, na kama amejua kuezeka makuti atanisaidia kuliko Husseni. Presha haikupanda kwa habari hiyo. Nilipimwa siku ya pili yake, ilikuwa tayari imeshapanda yenyewe.

Zuleha amerudi nyumbani, lakini nilivyokwambia ndivyo. Chakula nilichogusa hakili. Anapika mwenyewe, ananipakulia kwenye sahani ya peke yangu, na chumvi hatii, sijui kwa ajili ya afya yangu au kwa adhabu. Hasemi nami. Kila asubuhi ananiletea maji na vidonge, anasimama mbele yangu mpaka nimeze, kisha ananionyesha kwa kidole nifungue mdomo atazame chini ya ulimi.

Leo nimemuuliza ataendelea hivi mpaka lini. Ndiyo mara yake ya kwanza kunijibu tangu siku ya kunde.

Akasema, "Mpaka ufe."

Nikamwambia, "Basi vuta kigoda ukae, maana kusimama kutakuchosha."

Akavuta.

Bibi yako,
Biubwa binti Buanali